Karanga na Chumvi Tu

Miaka thelathini na minne Fundi Saa alitengeneza saa za watu. Macho yalipoanza kumsaliti alifunga kibanda chake, akakusanya bisibisi zake ndogo ndogo ndani ya mkebe wa biskuti, akarudi nyumbani kuwa kibarua wa mkewe. Neno hilo "kibarua" lilikuwa lake mwenyewe. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Karanga, alisema huyo si kibarua hata kidogo, huyo ni mkuu wa idara ya lebo.

Idara yenyewe ilikuwa meza moja chini ya dirisha, katika chumba walicholala watoto wao kabla kila mmoja hajaenda kwake. Mama Karanga alichagua karanga, akazikaanga, akazipepeta maganda, akazisaga na kuzijaza kwenye makopo. Fundi Saa alibandika lebo. Alikuwa na rula, kitambaa kibichi na kidole gumba kisichotetemeka, na lebo zake zilikaa sawasawa hivi kwamba makopo ishirini yakipangwa kwenye rafu, maandishi yalifuatana kama mstari mmoja uliochorwa kwa pumzi moja. "Siagi ya karanga," zilisema lebo. "Viambato: karanga na chumvi tu. Haina sukari."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalikuwa na kisa chake. Miaka miwili nyuma, kliniki ilimpima Fundi Saa ikamkuta na kisukari. Mama Karanga hakulia wala hakulaumu mtu. Alirudi nyumbani akafungua kabati, akatoa kopo la sukari akampelekea jirani, ikafuata jamu, ikafuata asali, zikafuata biskuti, ukabaki mkebe mtupu. Kisha akakaa akafikiri. Mumewe alipenda mkate wa siagi ya karanga kuliko alivyopenda kusifiwa, na ile ya dukani ilikuwa na sukari tele. Basi akaamua kumtengenezea ya kwake. Alijaribu mara nane ikamshinda, ya tisa akaipata. Jirani akaonja, akaomba kopo. Mwalimu Mstaafu wa nyumba ya kona, naye mgonjwa wa sukari, akaomba mawili. Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza: mke alitaka mumewe aishi, wengine nao wakapanga foleni.

Kwa hiyo ungeambiwa kwamba kuna mtu anaitia sukari siagi ile, ungemtaja yeyote ila Fundi Saa. Na ungekosea.

Haikuwa roho mbaya, ulikuwa ulimi tu. Kwenye mgahawa alikocheza drafti kila alasiri na wastaafu wenzake, chai ililetwa pamoja na vipakiti viwili vya sukari. Fundi Saa aliinywa bila sukari mbele ya mashahidi, akasifiwa kwa nidhamu yake, na vipakiti vikaingia mfukoni. Vikifika kumi na viwili, alisubiri mkewe aende sokoni, akafungua kopo moja, akamimina, akakoroga kwa mpini wa kijiko, akafunga, akabandika lebo. Kopo hilo alilificha stoo, rafu ya chini, safu ya nyuma kabisa. Na ili asilikose, wala lisije likauzwa kwa bahati mbaya, lebo yake aliipindisha. Kidogo tu, upande wa kushoto, kama kofia ya mtu atokaye harusini. Jicho la kuona kule kupinda lilikuwa moja tu, la fundi saa. Kijiko kimoja asubuhi mkewe akiwa bafuni, kimoja jioni akimwagilia maua. Kopo likiisha, aliandaa lingine. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Fundi Saa, aliyewahi kushika saa za kila aina, aliamini kwamba ya kwake ilikuwa inachelewa.

Siku ya arobaini ilifika Jumanne saa nne asubuhi, imevaa koti jeupe.

"Hodi," ilisema mlangoni, kwa sauti ndogo hivi kwamba Mama Karanga alilazimika kuzima mashine ndipo aisikie.

Alikuwa msichana mwembamba, koti limempwaya, ubao wa kuandikia ameukumbatia kifuani kama ngao.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Natoka idara ya afya. Ni ukaguzi, kwa ajili ya kile kibali mlichoomba. Samahani."

"Marahaba, mwanangu. Samahani ya nini tena, na sisi tunakusubiri kama mvua? Karibu ndani. Chukua kofia ile pale ujifunike. Humu hatuingii kichwa wazi, hata awe bibi afya."

Msichana akavaa kofia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Kibali chenyewe Mama Karanga alikuwa akikiota. Duka la hospitali lilitaka siagi yake kwa ajili ya wagonjwa, lakini haliwezi kuchukua kitu kinachosema "haina sukari" mpaka idara ya afya ihakikishe kwamba kweli haina.

Bibi Afya alikagua bila haraka. Alivunja karanga moja moja kutoka kila gunia akitafuta ukungu. Alipitisha kidole chini ya mashine, mahali ambapo hata mwenye mashine husahau, kidole kikatoka safi. Aliangalia kucha za Mama Karanga, akaona haya, akaandika. Kisha wakaingia stoo.

"Lebo hizi anabandika nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Fundi Saa.

"Zimenyooka! Sijawahi kuona kitu kama hiki. Kule viwandani kwenyewe zinakwenda mrama."

Fundi Saa akavimba kichwa. Kilimnywea ghafla alipomwona msichana anapiga magoti, anawasha kitochi, anaingiza mkono rafu ya chini, nyuma kabisa.

"Anza na hizi za juu, binti," alisema. "Huko chini utachafua koti."

"Chuoni tulifundishwa kuanza nyuma, baba. Mbele kila mtu hupanga vizuri."

"Hapa kwangu mbele na nyuma ni mamoja," alisema Mama Karanga, mikono kiunoni. Fundi Saa akakohoa.

Msichana alitoka na kopo moja, lile ambalo Fundi Saa aliliandaa jana yake tu na hakuwa amelionja bado. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akalifumbua.

"Hili limepinda."

"Wapi?" Mama Karanga alivaa miwani. "Mbona mimi sioni?"

"Kidogo tu, mama. Yangekuwa yamepinda yote nisingejali. Lakini likipinda moja peke yake, huenda lebo imebandikwa mara ya pili. Mtu amebandua ya zamani ili abadilishe tarehe." Akajishtukia. "Sisemi ninyi mmefanya hivyo! Ila itabidi nilichukue kama sampuli."

Mama Karanga akamgeukia mumewe. "Fundi! Kumbe na wewe unapigwa chenga na lebo? Pole, uzee huo."

"Jua," alisema Fundi Saa. "Lilinipiga machoni."

Sheria ilitaka makopo matatu yenye namba moja ya toleo, yaani yaliyotengenezwa pamoja. Moja liende maabara, moja litunzwe ofisini, na moja libaki kwa mwenye mali likiwa limefungwa kwa lakiri, ile nta ya muhuri, ili akitaka kuyabishia majibu awe na ushahidi wake mkononi. Bibi Afya alichukua lile lililopinda, akaongeza mawili ya safu za mbele, akaomba kiberiti cha kuyeyushia lakiri. Fundi Saa alikwenda jikoni kukitafuta. Kilikuwa kando ya jiko, mahali kinapokaa kila siku, lakini vidole vilivyowahi kushika skrubu ndogo kama mbegu ya ufuta vilikiangusha mara tatu. Aliporudi, alikuta mezani vifurushi vitatu vya karatasi ya kaki, vimefungwa kwa kamba, vinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Lakiri nyekundu ikadondoka juu ya kila fundo, muhuri ukagongwa.

"Chagua kimoja, mama. Ndicho kitakachobaki hapa."

"Hiki," alisema Mama Karanga, kama mtu anayechagua nyanya. Viwili vikaingia kwenye mfuko wa Bibi Afya, na Bibi Afya akaaga kwa samahani nyingine mbili.

Fundi Saa hakuwa mtu wa kamari, lakini hesabu hii haikumhitaji mwalimu. Kopo lake lilikuwa katika kimoja cha vifurushi vitatu. Likiwa nyumbani au likiwa ofisini, amepona. Likiwa maabara, basi neno la mkewe, lile lililosomwa na kuaminiwa na kila aliyefungua kopo, litaitwa uongo na serikali, kwa sababu ya ulimi wake yeye.

Kifurushi kiliwekwa juu ya kabati la sebuleni, kando ya picha ya harusi yao. Kila mkewe alipotoka, Fundi Saa alikishusha. Alikipima uzito mkononi. Alikitikisa. Siku ya tatu alijikuta amekiweka sikioni, akisikiliza kama alivyozoea kusikiliza saa mbovu, na akaona aibu, kwa sababu siagi ya karanga haina la kusema. Kukifungua ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini lakiri ikivunjika mkewe hatakuwa na pa kusimama, na Fundi Saa, pamoja na maovu yake yote, hakuwa amefika huko.

Siku ya tano alikuja Mwalimu Mstaafu kuchukua makopo yake mawili.

"Nasikia mlikaguliwa," alisema, akisoma lebo kwa sauti kama anasahihisha daftari. "'Haina sukari.' Unajua, Fundi, wewe una mke wa kukuchunga. Mimi wangu alitangulia. Basi lebo hii ndiyo mke wangu. Nikisha kuisoma, nakula bila wasiwasi."

Fundi Saa alimfungia makopo kwenye gazeti, akaangalia lebo zake mara mbili, akaziangalia tena. Zilikuwa zimenyooka. Lakini chai ya alasiri hiyo mgahawani aliiacha nusu, na vipakiti vilivyokuja nayo vilikuwa mfukoni kabla hajajiuliza mkono ulitumwa na nani.

Jumapili mchana alipiga moyo konde. Mkewe alikuwa akichambua mchele.

"Mke wangu, nina jambo."

"Sema, baba watoto."

"Ile lebo. Ile iliyopinda."

"Wewe bado unaumia na hiyo lebo?" Mama Karanga aliweka sinia chini, akamshika mkono. "Nani asiyeteleza? Fundi, mimi nikikosa kuamini chochote katika nyumba hii, mashine, mizani, hata macho yangu, nitakuamini wewe. Haya, niondolee jiwe hili, silioni vizuri."

Fundi Saa akaliondoa jiwe kwenye mchele. La kifuani likabaki.

Siku ya kumi na mbili Bibi Afya alirudi. Safari hii hakusema samahani mlangoni, na hilo peke yake lilimwambia Fundi Saa kila kitu. Alikaa pembeni ya kiti, kana kwamba kiti kilikuwa cha mtu mwingine, akatoa karatasi.

"Kwa kawaida tunatuma barua," alisema. "Nikaona nije mwenyewe. Majibu yametoka. Ukungu hakuna. Chumvi sawa. Lakini sampuli ina sukari, mama. Gramu kumi na moja katika kila gramu mia."

Mama Karanga hakupiga kelele. "Rudia."

Msichana akarudia. Akaendelea kusoma akiwa ameinamisha kichwa: toleo lote, makopo mia moja na arobaini, lisiuzwe, maombi ya kibali yasimame, na endapo itathibitika kwamba lebo inadanganya, toleo liteketezwe na jina lifutwe.

"Sukari? Katika nyumba hii?" Mama Karanga alisimama. "Tafuta! Fungua kabati, fungua jiko, inama chini ya kitanda. Ukipata hata punje moja, mimi mwenyewe nitakusaidia kuchoma makopo. Fundi, mwambie! Mwambie lini sukari imevuka mlango huu!"

Fundi Saa aliangalia koti lake nyuma ya mlango.

"Na kile?" Mama Karanga alinyoosha kidole juu ya kabati. "Kile ni haki yangu au si haki yangu?"

"Ni haki yako kabisa, mama. Ukitia sahihi hapa kwamba unabisha, kitakwenda maabara nyingine pamoja na kile kilichoko ofisini."

"Lete kalamu. Na mimi nakwambia hapa, mwanangu, havitakutwa na sukari. Hata chembe. Na visipokutwa nayo, nani atakuwa amekosea?"

Bibi Afya aliirudisha mezani kalamu aliyokuwa akimpa.

"Nitakuwa mimi," alisema. "Siku ile nilitoka hapa nikapita kiwanda cha biskuti. Wataona nilichanganya sampuli. Niliangalia namba mara tatu, mama, nakumbuka niliangalia. Lakini sasa hata sijui. Labda nilichanganya. Bado niko kwenye miezi ya majaribio."

"Sikuchukii, binti yangu," alisema Mama Karanga, sauti imeshuka. "Una adabu, na kazi yako uliifanya kwa makini, niliona. Lakini jina langu liko kwenye kopo. Nitafanyaje?"

Fundi Saa aliiona njia mbele yake, pana, imefagiliwa. Hakutakiwa kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa kunyamaza tu. Vifurushi viwili vingepimwa, visingekutwa na kitu. Mkewe angepata kibali chake. Na mzigo wote angeubeba huyu mtoto na kakoti kake keupe, ambaye tayari alikuwa ameanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe.

Na ni macho gani hayo! Katika miaka thelathini na minne ya kibandani, Fundi Saa alipokea wanafunzi sita, akitafuta mmoja tu mwenye kuona upana wa unywele, na hakumpata. Huyu aliona lebo iliyopinda ambayo mkewe, na miwani yake, hakuiona mpaka leo. Ikiwa macho kama hayo yataambiwa yalidanganyika, basi hakuna tena haja ya kutengeneza saa, wala rula, wala chochote.

"Hajachanganya kitu," alisema.

Wanawake wawili wakamgeukia.

Fundi Saa aliinuka, akaenda kwenye koti lake lililotundikwa nyuma ya mlango, akaingiza mkono mfuko wa ndani. Akarudi akavipanga mezani, kimoja kimoja, kwa mstari ulionyooka: vipakiti vinane vya sukari.

"Hivi vilikuwa vya kopo lijalo," alisema. Kisha akaeleza yote, mgahawa, mpini wa kijiko, rafu ya chini, lebo. Alieleza akiangalia vipakiti.

Alipomaliza, Mama Karanga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akavisogelea vipakiti kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka uanze."

"Makopo mangapi?"

"Sita. Lile lilikuwa la sita. Moja moja, lakini. Sijawahi kuweka mawili."

"Ndiyo maana sukari yako haishuki!" Sasa sauti ilipanda. "Nikamsema muuguzi wa watu! Nilisimama pale kliniki mbele ya foleni nzima nikamwambia kipimo chake kibovu! 'Mume wangu hali sukari, mimi ndiye nampikia!' Na wewe umekaa kwenye benchi unatikisa kichwa kunisikitikia! Fundi! Leo tena ulitaka nimseme na huyu?"

"Nilitaka kukwambia Jumapili."

"Mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe umeanza kuumbuka kabla ya kilio, shukuru." Akageuka, akarudi. "Na kama siku moja nimeingia stoo haraka haraka, nikachukua la nyuma nikampa Mwalimu?"

"Ningeiona lebo."

"Ungeiona ukiwa wapi? Mgahawani, unakula kete za watu?"

Hilo ndilo Fundi Saa alilokuwa akilikimbia tangu Mwalimu aje kuchukua makopo yake, na kulisikia kwa mdomo wa mkewe kulimfanya aonekane mdogo ndani ya shati lake. Bibi Afya aliangalia sakafu. Nje mtoto wa jirani alikuwa akigonga mpira ukutani, tu, tu, tu, na hakuna aliyekwenda kumkataza.

"Ilikuwa tamu angalau?" aliuliza Mama Karanga.

"Tamu ilikuwa. Lakini nilikuwa naila nimesimama, nasikiliza mlango wa bafu." Alifikiri kidogo, kwa sababu alitaka kuwa mkweli mara moja na kwa yote. "Hainogi vile. Ya kwako naila nimekaa."

Mama Karanga akageuza uso dirishani. Mabega yake yalitikisika, na Fundi Saa, aliyeishi naye miaka arobaini na moja, hakuweza kujua kama ni kilio au ni kicheko, mpaka alipozungumza, akajua ni vyote viwili.

"Andika, mwanangu," alimwambia Bibi Afya. "Andika yote kama yalivyo. Usitupunguzie hata nukta."

Msichana akachukua kalamu, akatafuta mahali kwenye fomu. "Hapa wanauliza chanzo cha sukari. Niandike nini?"

"Andika: mume."

Kalamu ilisimama hewani. Kisha Bibi Afya, aliyekuwa ameshikilia machozi tangu aingie, akaangua kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, akajiziba mdomo kwa ubao wa kuandikia, akasema samahani, akacheka tena. Fundi Saa akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mkewe akamtazama wazi wazi. Hakuwa amemsamehe bado, lakini alikuwa amekaa upande wa mumewe mezani.

Sheria haikucheka nao. Bibi Afya alieleza kwa upole kwamba maneno ya mdomo, hata yakiwa ya kweli, hayapimwi maabara. Kwa hiyo vifurushi viwili vilivyobaki vitakwenda kupimwa, na yeye atachukua makopo mengine kumi, safu ya nyuma, ya kati na ya mbele. Makopo mia moja na arobaini yatakaa yalipo. Na hata majibu yakiwa mazuri, onyo la maandishi litatolewa: chakula cha nyumbani kisiingie stoo ya biashara, na anayebandika lebo ahakikishe anachokibandikia. Mama Karanga alitia sahihi. Akamsukumia mumewe kalamu. Naye akatia, herufi zake zimenyooka kama kawaida.

Jioni ile Fundi Saa alikwenda mwenyewe nyumba ya kona, hakutumwa. Mwalimu Mstaafu alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono, kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyenakili mtihani wa mwenzake.

"Makopo yangu?"

"Yamenyooka. Niliyaangalia mara tatu. Lakini nimekuja nikwambie, maana sikuwa na haki ya kukuangalizia bila wewe kujua."

"Huna haki kweli," alisema Mwalimu. "Mimi nina kipimo cha sukari hapa ndani. Kuanzia kesho uje kila asubuhi saa moja, tupimane. Ukichelewa nitakuja kugonga, na nitagonga kwa nguvu."

Zilikuwa wiki mbili ndefu. Mashine ilinyamaza, maana Mama Karanga hakutaka kusaga kabla hajasafishwa jina. Wateja walipouliza aliwaambia ukweli, na kila aliyeambiwa alikuja kumtazama Fundi Saa kama anayetazama mnyama adimu. Mgahawani chai yake ilianza kuletwa bila vipakiti. Mhudumu alikuwa amepewa maelekezo. Fundi Saa aliyavumilia yote. Lililomuuma ni moja tu: asubuhi mkewe aliweka siagi mezani, akaweka mkate, akatoka. Hakukaa naye.

Majibu ya pili yalikuja siku ya Alhamisi, na Bibi Afya aliyaleta akitembea kwa haraka, kofia ameshaivaa tangu mlangoni. Makopo kumi, na vifurushi viwili. Karanga na chumvi tu. Toleo limefunguliwa, kibali hiki hapa, na onyo hili hapa. Mama Karanga alivipokea vyote viwili kwa heshima sawa, akavibandika ukutani kimoja kando ya kingine. Kisha akasema wanywe chai, wote watatu, na wakakaa.

Mezani palikuwa na kopo jipya. Lebo yake haikutoka kiwanda cha uchapaji. Iliandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa Mama Karanga wa kulala upande mmoja. Bibi Afya, kwa mazoea ya kazi, akaligeuza akasoma kwa sauti yake ndogo.

"'Siagi ya karanga. Si ya kuuzwa. Viambato: karanga, chumvi. Mlaji: mmoja. Matumizi: vijiko viwili kwa siku, amekaa, mbele ya mkewe.'" Alisita. Uso wa kazi ukamrudia. "Mama, samahani. Hapa pana upungufu. Hukuandika tarehe ya kuisha muda."

"Hiyo siandiki," alisema Mama Karanga, akimpakia mumewe mkate. "Hata uninyang'anye kibali. Hiyo sitaki kuijua."

Msichana akaangalia kopo, akamwangalia mzee, akalirudisha mezani taratibu. Lilikuwa si la kuuzwa. Halikuwa chini ya idara yake.

Fundi Saa alipokea mkate, akala amekaa. Lebo ile Mama Karanga aliibandika mwenyewe, na katika maisha yake hajawahi kubandika kitu kikanyooka. Ilikuwa imepinda kulia, juu mpaka chini, hata kipofu angeiona. Rula ilikuwa palepale dirishani. Fundi Saa aliitazama lebo muda mrefu, akanyoosha mkono, na akachukua kikombe chake cha chai.